Pumzi ya Mkata Mawe

Kwa miaka kumi na moja nilikula chakula cha mchana viti vitatu mbali na mkata mawe wetu, na kila siku nilijifanya nimefuata upepo wa dirishani. Sikuwa peke yangu. Kantini nzima ilishikwa na ugonjwa wa kupenda madirisha. Yeye aliingia na bakuli lake, akasalimia, akakaa mwisho wa meza ndefu, na sisi tukajibanza upande wa pili, ungedhani mbao za upande wake zimeoza. Tulimwita Mzee Vitunguu. Kwa kuwa aliitika, tulijiambia kwamba hajali.

Alinuka kitunguu saumu. Haikuwa harufu ya mtu aliyekula jana. Ilikuwa nzito, yenye ukali wa chuma ndani yake, ikamtoka kwa pumzi na kwa jasho, Jumatatu mpaka Jumapili. Ajabu ni kwamba yeye vitunguu saumu vyenyewe alikuwa havili. Mpishi wa kantini aliapa kwamba hajawahi kumpakulia hata punje moja. Wapo waliosema ni meno mabovu, wapo waliosema karogwa. Mimi, na ulimi wangu usio na mfupa, nilisema siku moja mbele ya watu kwamba bila shaka harufu hiyo ndiyo iliyomuua mkewe. Watu walicheka mpaka chai ikawapalia. Nayasema haya mapema ili ujue anayekusimulia ni mtu wa namna gani.

Tulifanya kazi katika maabara ya mgodi wa dhahabu. Mimi nilikuwa wa mizani: kila jiwe na kila unga ulipita mikononi mwangu, nikataja uzito wake, na neno langu likaandikwa bila ubishi. Yeye alikaa chumba cha nyuma na msumeno wake wa duara. Alikata jiwe taratibu, akakigandisha kipande kwenye kioo, kisha akakisugua kwa unga laini mpaka kikawa chembamba cha kupitisha mwanga. Hapo ndipo mwanajiolojia alipoweza kukitazama kwa hadubini. Ukizidisha kusugua, kipande kinaisha chote, unabaki na kioo kitupu. Katika miaka ishirini na tisa mkata mawe alimaliza hivyo vipande viwili tu, na vyote viwili ni mwaka aliofiwa na mkewe.

Alikuwa na binti mmoja, aliyeolewa upande wa pili wa mji, na mjukuu wa kike wa miaka mitatu. Mwaka wake wa ishirini na tisa kazini, mkwewe alipata kazi nchi ya mbali, na ilipangwa waondoke mwisho wa mwaka, familia nzima. Binti alitaka baba yake aende nao. Lakini huko walikokuwa wanakwenda nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na babu angelala chumba kimoja na mjukuu. Na mjukuu, kila babu alipomkumbatia, alitapika. Si kwamba alikunja uso. Alitapika kweli, kwenye shati la babu yake.

"Baba," binti alimwambia, "sikufukuzi. Nakuomba utafute tiba. Ukipona kabla hatujaondoka, tunakwenda wote. Kibali chako cha kusafiri nimeshakuombea pamoja na vyetu."

Basi akaenda hospitali, kwa mara ya nne maishani kwa ajili ya jambo lile lile. Madaktari watatu wa kwanza walimtazama meno. Wa nne, dada mmoja mdogo mwenye haraka, alimuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: unafanya kazi gani? Alipomweleza kuhusu mawe ya mgodi wetu, daktari akaweka kalamu chini. Akamwambia kwamba katika mawe yale mna kitu kinaitwa teluri. Kikiingia mwilini, hata kidogo kiasi gani, mwili hukigeuza kuwa hewa yenye harufu ya kitunguu saumu, na hewa hiyo hutoka kwa pumzi kwa wiki nyingi, pengine miezi. Hakuna dawa ya maana. Dawa ni kukaa mbali na vumbi na kungoja.

Mkata mawe akaomba kustaafu wiki ile ile. Ilikuwa imebaki miezi minane.

Ijumaa ya kwanza baada ya kuondoka kazini alisimama nje ya dirisha la chumba changu cha mizani, amevaa koti safi.

"Dada, nina shida na pua yako," alisema.

"Pua yangu imekukosea nini?"

"Haijanikosea. Mimi mwenyewe hii harufu siisikii."

"Nyani haoni kundule, mzee wangu," nilimjibu, maana mimi hata kwenye msiba nitatafuta pa kutania.

Hakucheka wala hakukasirika. Alinieleza habari ya daktari, ya binti yake, ya mjukuu na kile chumba kimoja. Kisha akasema kwamba anahitaji mtu wa kumnusa kila Ijumaa na kumwambia ukweli, ili ajue lini anaweza kwenda kwa binti yake bila kumfukuza mtoto.

"Kwa nini mimi?"

"Wewe ndiye uliyesema lile neno kuhusu marehemu mke wangu. Nilikuwa mlangoni. Nikafikiri, mtu anayeweza kusema vile hawezi kunidanganya kwa huruma."

Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini yeye alisema bila kinyongo, kama fundi anayechagua nyundo. Nikamwambia apumue. Akapumua kupitia dirishani, nami nikampa namba kama ninavyotoa namba za kila kitu.

"Tisa. Kati ya kumi."

Akaandika kwenye kidaftari, akashukuru, akaondoka.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Tisa, nane, nane, nane, saba. Wiki za mwanzo alisimama nje. Wiki ya sita ilinyesha, nikamwambia aingie. Wiki ya saba nilikuwa nimeweka chai kabla hajafika. Wala nisijifanye mwema. Mimi nimeachika, sina mtoto, na nyumbani nilikuwa naongea na redio. Ilipofika wiki ya kumi nilikuwa nikiamka Ijumaa na kitu kizuri tumboni, nikikumbuka kwamba leo kuna mtu atakuja.

Alikuja na habari za mawe. Mtu aliyekaa kimya miaka kumi na moja kwenye kantini, kumbe alikuwa na maneno gunia zima. Aliniambia kwamba dhahabu ni mzigo wa maji. Chini sana ardhini kuna maji ya moto makali, yamebanwa, na ndani yake vimeyeyuka vitu vya kila aina. Maji hayo hupanda kupitia nyufa za miamba. Yakifika mahali ambapo mbano umelegea, yanachemka kwa ghafla, kama sufuria iliyofunuliwa kifuniko, na yote yaliyobeba yanabwagwa kwenye kuta za ufa.

"Na dhahabu, dada, ina maringo. Karibu kila mahali utaikuta peke yake, haichanganyiki na mtu. Kwa teluri tu ndiyo hukubali. Wakikutana hapo wanashikana, wanakuwa jiwe moja la rangi ya fedha iliyochujuka. Mtu asiyejua analitupa."

"Kumbe hata dhahabu ina anayeivumilia."

"Mmoja tu," alisema, akanywa chai.

Ijumaa nyingine aliniambia kilichomgusa zaidi. Watu wakichimba handaki, hewa na unyevu vinaingia mahali ambapo havijawahi kufika, na lile jiwe linaanza kuoza. Dhahabu inabaki kama vumbi la kahawia. Teluri inaachwa bila mwenzake. Mara nyingi inapotea tu, inachukuliwa na maji. Lakini ikitokea kwamba kando yake kuna shaba inayooza pia, na unyevu uwepo lakini usitiririke, na pasiwe na mtu wa kugusa wala upepo wa kukausha, basi teluri na shaba na maji vinaungana polepole na kuota kitu cha kijani, vinywele vidogo sana, kama ukungu juu ya mkate. Ni madini adimu. Mwanajiolojia wetu aliwahi kumwambia kwamba mahali pa namna hiyo duniani unaweza kupahesabu kwa vidole. Unyevu ukizidi kidogo, yameyeyuka. Ukipungua, hayazaliwi kabisa.

"Yanachukua muda gani?"

"Miaka. Nami ninayo nyumbani," alisema, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana aibu ya furaha.

Wakati huo namba zilikuwa zimekwama. Saba, saba, saba, saba. Wiki ya kumi na mbili, saba. Wiki ya kumi na nane, saba. Hakugusa vumbi la maabara hata chembe, nguo zake za kazi alizichoma, na bado saba. Alianza kuniuliza kama nina uhakika, kisha akaomba radhi kwa kuuliza. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani. Aliniambia binti ameanza kufunga mizigo.

Jumapili moja nilimpelekea fomu ya kustaafu aliyokuwa amesahau kutia sahihi. Sikuwa nimewahi kufika kwake. Aliishi chumba kimoja na sebule, kitanda kimetandikwa kwa kubana, sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimesimama ndani ya glasi. Ukutani picha ya binti yake akiwa na sare za shule. Kiti kilikuwa kimoja, akanipa mimi, yeye akakaa kitandani. Dirishani paliwekwa beseni dogo lenye kifuniko.

"Ndilo hilo?" niliuliza.

Akainuka kama kijana. Ndani ya beseni kulikuwa na kitambaa chenye unyevu, na juu yake jiwe la ukubwa wa ngumi, alilopewa miaka kumi na minne iliyopita kutoka rundo la mawe yaliyokataliwa. Pembeni, mahali mshipa wa shaba unapopita, palikuwa na doa la kijani si kubwa kuliko punje ya dengu. Aliliinua jiwe kwenye mwanga ili nione vizuri, na huku anaongea, ncha ya ulimi wake ikatoka, ikaligusa jiwe kando ya lile doa, ikarudi. Haraka, kama mshonaji anavyolamba uzi kabla ya kuutia kwenye sindano.

"Mzee. Umefanya nini?"

"Nimefanya nini?"

"Umelamba jiwe."

Alinitazama kama nimemsingizia. Kisha akalitazama jiwe, palipolowa.

Jiwe kavu halisemi kitu, ndivyo alivyofundishwa na fundi wake alipokuwa na miaka ishirini na tano. Ukililowesha, chembe zake zinatokeza rangi. Maji yapo kwenye chupa, lakini ulimi uko karibu zaidi, na wakata mawe wote wa zamani walilamba. Yeye alilamba mawe ya mgodi kwa miaka ishirini na tisa, mara hamsini kwa siku, mpaka mwenyewe akaacha kujua kwamba anafanya hivyo. Na tangu astaafu, kila asubuhi na kila jioni, alifungua beseni kutazama kama kijani kimeongezeka. Kikulacho ki nguoni mwako; chake kilikuwa mdomoni.

Nilimfokea. Sikumbuki yote niliyosema, ila nakumbuka nilisimama na nilitaja ujinga mara tatu. Yeye alikaa kitandani na mikono magotini.

"Zimebaki wiki ngapi?" aliuliza.

"Kumi na tatu."

"Zinatosha?"

"Sijui, mzee."

Nikalichukua lile beseni nikaliweka kwenye stoo ya maabara. Mlangoni alinishika mkono. "Usiliweke penye jua," akasema tu.

Baada ya hapo namba zilishuka vizuri ajabu. Sita, tano, tano, nne. Alianza kuja mapema na kuondoka jioni. Alinisaidia kufuta mizani, alinirekebishia kitasa, tulikula pamoja chakula cha mchana hapo hapo chumbani, magoti yetu karibu yagusane. Nne, tatu, mbili. Nilijua kila namba ninayoishusha inamsogeza kwenye ndege, na kuna Ijumaa nilitamani kumwambia saba. Sikumwambia. Nilisema nilichosikia. Siku tisa kabla ya safari nilivuta pumzi yake mara tatu, pua karibu na kidevu chake, sikusikia chochote ila sabuni na chai.

"Sifuri," nikasema.

Alifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yake yalitikisika, na mimi nikafuta mizani iliyokwisha kufutwa.

Kesho yake alikwenda kwa binti yake na shati jipya. Jumatatu asubuhi alikuwa dirishani kwangu, nje, kama zamani.

"Mtoto alikuja mwenyewe akakaa magotini," alisema. "Akanionyesha mwanasesere. Nikacheka, nadhani nilicheka kwa nguvu mno. Akaziba pua, akashuka. Binti yangu aliinuka. Alifungua dirisha, halafu akafungua na lile jingine."

"Haiwezekani. Ni sifuri!"

Nikamwita mlinzi wa getini, mtu asiyejua lolote, nikamwambia amnuse huyu mzee na aseme kati ya kumi. Mlinzi akadhani ni mzaha, akasogea, akarudi nyuma hatua moja.

"Nne," alisema. "Labda tano. Dada, kwani wewe huisikii?"

Sikuisikia. Kila asubuhi, kabla ya kupima kitu chochote, naweka juu ya mizani jiwe la kupimia, la shaba, ambalo uzito wake unajulikana, ili nihakikishe mizani haijaniongopea usiku kucha. Sijawahi kukosa hata siku moja. Na pua yangu sikuihakiki kwa mtu yeyote, wiki thelathini na mbili. Harufu yake ilishuka, ndiyo, lakini mimi nilishuka haraka kuliko yenyewe. Kwa chai zile, kwa mazungumzo yale, nilimzoea. Kama ningempa namba za kweli, wiki mbili kabla angeweza kumwambia binti yake ukweli, angemwomba angalau amtafutie chumba kingine cha kulala, na kwa sababu yangu alikaa akisubiri siku ya shati jipya.

Nilimwambia yote hayo nikilia, mbele ya mlinzi, nikamwomba anisamehe.

"Hukunidanganya," alisema. "Ulinizoea. Sikujua kwamba hilo linaweza kunitokea tena." Akavaa kofia yake akaenda zake.

Alikwenda kuwaaga siku ya safari. Mimi nilimsindikiza mpaka kona, sikuthubutu kukaribia. Nilimwona amesimama uani, mbali kidogo na gari, upande ambao upepo ulikuwa unaelekea, ili usipeleke chochote kwao. Binti yake alimfuata mara mbili kumkumbatia, na mara zote mbili alimgeuzia uso pembeni, akashika pumzi mpaka mwanawe alipomwachia. Mtoto alimpungia mkono kutoka ndani, kioo kimefungwa.

Harufu ilimwisha wiki ya tisa baada ya wao kuondoka. Safari hii sikujiamini. Nilimwita mlinzi, nikamwita mpishi, nikamwita hata mwanajiolojia. Wote wakasema hakuna kitu, na mpishi akamnusa mara ya pili kwa kutoamini. Tukampigia simu binti yake pale pale. Alifurahi, alilia, kisha akaeleza polepole kwamba kibali kilikuwa cha safari ile tu na kingine kitachukua mwaka na zaidi, na kwamba mama mkwe wake amekwisha kufika na ndiye anayelala na mtoto. Atajaribu. Atampigia.

Wenzetu walirudi kwenye kazi zao. Mkata mawe alibaki amesimama katikati ya chumba, simu mkononi, amenyoa ndevu, safi kuliko sisi sote.

"Sasa nanuka nini, dada?"

"Hunuki kitu, mzee wangu. Hata kidogo."

Akatikisa kichwa taratibu, akiitazama simu.

"Basi nikitoka mahali," alisema, "hakuna atakayejua kwamba nilikuwepo."